Akigonga, Mwachie

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita, na leo Dada Shamsia amekuja kutupa mkono wa Idi akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mvua inanyesha tangu alfajiri, mlima hauonekani, na yeye amekaa kwenye kochi na miwani ya mumewe kama askari wa barabarani. Mama alijifanya haoni. Baba alirudi dukani kupanga misumari iliyokuwa imeshapangwa. Mimi nikamvua ile miwani.

Jicho la kushoto limefunga kabisa.

"Mlango wa kabati umenipiga," akasema.

"Kabati lenu siku hizi linavaa pete?"

Maana alama ya pete ya mumewe, Musa, iko pale juu ya shavu, duara kamili. Akasema, "Zulfa, acha." Dada yangu angezaliwa na neno moja tu, lingekuwa hilo. Tumezaliwa wawili, yeye ndiye mkubwa, na aliyetugawia maneno alinipa mimi yote.

Alhamisi, 3 Aprili

Kikao, sebuleni kwetu nyuma ya duka. Baba Mkubwa Saleh ndiye aliyeongoza, kwa sababu Baba yangu akipewa kikao atawanywesha watu chai mpaka waondoke. Musa aliletwa na kaka yake. Amenyoa, ananukia, analia. Wakulima wa kule Daudi wanaomuuzia vitunguu saumu wangemwona anavyolia wangempandishia bei siku hiyo hiyo.

Shamsia aliitwa, akasimama katikati ya zulia, akaambiwa ainue uso. Wazee wakamtazama jicho. Hakuna aliyemuuliza neno. Akarudishwa nyuma ya pazia.

Baba Mkubwa akasema, "Hii ni alama na sisi si vipofu. Musa, safari hii tunakusamehe. Lakini alama nyingine ikionekana kwenye mwili wa huyu binti, unaandika talaka hapa hapa, na sisi ndio mashahidi. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee wangu. Wallahi nimesikia."

"Una hasira, kijana. Hasira inatafuta pa kutokea."

Nilikuwa nimeingia na chupa ya chai. Nikasema, "Aje kwa Mwalimu Tadei."

Wakacheka. Nafanya mazoezi ya mapigano kwa Mwalimu Tadei tangu nimalize kidato cha nne, na wameshanisema mpaka wakachoka: binti wa Kirangi, suruali, wanaume wa watu. Lakini Baba Mkubwa aliacha kucheka kabla ya wenzake. "Hilo si baya," akasema. "Michezo inafundisha nidhamu." Musa akafuta machozi, akasema atakuja Jumamosi.

Sikuwaambia nilichokuwa nacho moyoni. Pale mazoezini mwanafunzi wa zamani ana ruhusa ya kumkunja mgeni mpaka aombe basi, na hakuna mzee atakayeitisha kikao kwa ajili hiyo.

Jumamosi, 5 Aprili

Tunafanyia kwenye banda la zamani la ngano, karibu na mnadani. Chini kuna viroba vilivyojazwa mabua ya ngano, juu yake turubai. Ukianguka vizuri huumii, ukianguka vibaya unajifunza. Mwalimu Tadei anashuka kutoka Gitting kwa pikipiki, buti zake zikiwa na tope la shambani, anatundika koti kwenye msumari, anaanza. Hasemi sana. Ana mikono mirefu inayoning'inia tu kama ya mtu mgonjwa, na hiyo mikono imewahi kumlaza Margwe, ambaye peke yake anabeba gunia la mahindi kila kwapa.

Musa alikuja na treki suti mpya.

Mwalimu alimwambia apige kiroba kilichotundikwa. Musa akakaza taya, akakaza ngumi, akakaza hadi matako, akapiga. Kiroba kikalia pu. Vidole vikamchubuka.

"Umepiga ngozi," Mwalimu akamwambia. "Ngumi iliyokazwa inaishia nje. Inachubua, inavimbisha, basi. Tazama." Akatupa mkono wake pale kana kwamba si wake. Haukutoa sauti ya maana. Lakini mimi nilikuwa nimeshika kiroba kwa nyuma, na uzito ulinipita tumboni mpaka mgongoni. "Legeza bega, legeza kiwiko, mkono uwe mzigo tu. Unaingia ndani. Nje huoni kitu."

Halafu kufunga viungo. Mwalimu alimsomea sheria yetu, moja tu: akigonga, mwachie. Ukizidiwa unapiga kiganja mara mbili, kwenye turubai au kwenye mwili wako, na mwenzako anaachia hapo hapo. Asiyeachia hafanyi tena mazoezi kwa Tadei.

Nikaomba nimpokee mgeni mimi. Nilimkunja kifundo cha mkono, nikakipeleka nje na chini, Musa akaenda magotini na mdomo wazi. Akagonga. Nikamwachia. Sikuharakisha.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Musa tena. Leo kidole gumba. Amelia kama mbuzi wa Idi. Nilirudi nyumbani nikala sahani mbili.

Jumamosi, 12 Aprili

Lazima niseme kwamba ana moyo. Nilidhani atakuja mara mbili kisha atoweke, lakini anakuja, na haogopi kuuliza. Nimemfunga kiwiko, nimemfunga bega, nimemfunga kifundo kwa namna ambayo hata Efrazia muuza mitumba, ambaye tulianza naye, hakubali nimfunge. Kila nikimwachia anasugua mahali pale anauliza.

"Shemeji, hapa hasa ndipo?"

"Chini kidogo. Hapo. Ukipeleka huku kinauma, ukipeleka kule kinavunjika."

"Na kikiuma tu hakivimbi?"

"Ukijua pa kuishia, hakivimbi. Mimi nimekuvimbisha?"

Akatazama mkono wake, akaugeuza, akacheka. "Hapana, shemeji. Hujaniacha na kitu."

Jumatano, 16 Aprili

Mvua ya mawe. Tumeuza turubai tu. Ikinyesha hivi watu wote wa Katesh wanasimama vibarazani kutazama mlimani, hakuna anayesema, tangu ule mwaka tope la mlimani lilipotushukia.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imeisha, Mwalimu ameshuka. Leo alinipa Musa nimfundishe kulegeza, kwa sababu yeye na Margwe walikuwa na kazi nyingine. Nilimpigia kelele mpaka sauti ikakauka. Bega, shemeji. Bega! Unashika nini humo, kuna mtu anataka kukuibia? Mwishoni nikamwambia afikirie mwanamke anayekung'uta kanga mbichi kabla ya kuianika. Hakazi kitu, ananyanyua na kuachia, na kanga inalia yenyewe.

Akakung'uta. Kiroba kikaenda nyuma kimya kimya na mimi nikiwa nimekikumbatia.

"Hapo," Mwalimu akasema kutoka upande wa pili. Hakuwahi kuniambia "hapo" mimi mwaka wangu wote wa kwanza. Niliona wivu, na papo hapo nikaona fahari, maana huyu ni mwanafunzi wangu.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda kwa Shamsia. Uso wake ni safi kama yai. Hana hata mkwaruzo. Mama aliyetangulia kwenda juzi alirudi ananiombea dua, eti mwanangu umeokoa nyumba ya dadako. Nami nilienda nikitarajia walau chapati.

Hakuna chapati. Kichwa hakijasukwa, vyombo vya asubuhi bado viko kwenye beseni, na ugali ameusonga binti wa jirani. Shamsia amekaa mkekani anakula kwa kijiko, mkono wa kushoto. Nikamwambia kama ana mimba aseme tujue, asikae kama bibi harusi.

"Nimechoka tu," akasema.

"Umechoshwa na nini? Mume amekuwa malaika."

Akatafuna polepole sana. "Ndiyo," akasema. "Hanipigi ngumi tena."

Wengine wakipewa raha hawajui pa kuiweka.

Jumamosi, 3 Mei

Musa amevuka daraja la kwanza. Mwalimu mwenyewe amemfunga mkanda. Baadaye akaniletea nyumbani kiroba cha vitunguu saumu vikubwa, vya rangi ya zambarau, akampa Mama kwa mikono miwili, shikamoo mama, akaniita mwalimu wangu mbele ya Baba. Nimekaa nikijiuliza kama nilimchukia bure. Nilimwingiza pale ili nimtese na nimemtesa kweli, na badala ya kunichukia amenyooka. Inawezekana maumivu ndiyo yaliyomfunza. Inawezekana mimi ni mwalimu mzuri kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 7 Mei

Tope. Malori yamelala njia ya Mbulu, Musa amekwama hukohuko Daudi.

Alhamisi, 8 Mei

Nitaandika jinsi ilivyokuwa, kwa mpangilio, nisiruke.

Kwa kuwa Musa hayupo, Mama alinituma nikalale kwa Shamsia. Nilifika mchana. Alikuwa anajaribu kutoa ndoo ya maji ya mvua chini ya mchirizi, anaivuta kwa mkono wa kushoto, maji yanamwagika miguuni. Nikamcheka. Nikaibeba mimi. Tukaingia ndani, nikamwambia, lete huo mkono wako wa kulia nione uvivu umekaa wapi. Nikamshika kwa mchezo tu. Vidole vyangu vimezoea, vilijipanga vyenyewe kwenye kifundo, kidole gumba nyuma ya kiganja chake. Sikuwa nimekunja chochote.

Shamsia akagonga. Kiganja cha kushoto, pajani, mara mbili, haraka. Na macho ameyafumba.

Nikaachia. Dada yangu hajawahi kukanyaga banda la ngano. Anaona aibu hata kupita barabara ile.

"Nani amekufundisha kugonga?"

Akauvuta mkono wake kifuani.

"Dada Shamsia. Nani amekufundisha?"

"Yeye," akasema. "Nikigonga ananiachia. Hajawahi kukataa kuniachia." Akalisema hilo kwa haraka, kana kwamba anamtetea. "Anasema ndiyo sheria yenu."

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu alipoanza kuja bandani. Jumanne na Jumamosi, akitoka mazoezini, kabla ya kuoga, anamwita sebuleni wakati jua bado lipo. Anamwambia, leo Zulfa amenifunga hivi. Anamfunga hivyo hivyo. Kama siku hiyo nilikuwa nimechelewa kumwachia, na yeye anachelewa. Mwezi uliopita kilikuwa kidole gumba, ndiyo maana hawezi kusonga ugali. Halafu bega, ndiyo maana hawezi kusuka nywele wala kuziosha. Na tangu baada ya Pasaka kuna kule kupiga. Anamsimamisha ukutani, mkono unakuja polepole, umelegea, hata hauonekani kama unapiga. Mbavuni, chini ya kitovu, kwenye paja. Usiku hawezi kulala ubavu.

"Nionyeshe," nikasema.

Akapandisha gauni. Nimemtazama dada yangu mwili mzima, mbele na nyuma, pale mlangoni penye mwanga. Ngozi nzuri, laini. Hakuna kitu. Nikagusa ubavu mmoja kwa ncha ya kidole, akashika fremu ya mlango asianguke.

Kila nilipomuumiza Musa nilikuwa namwonyesha pa kushika. Kila alipouliza, hapa hasa ndipo, nilijibu. Nilikuwa najisikia mwalimu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia hanipigi ngumi tena," akasema. "Ukasema amekuwa malaika."

Jumamosi, 10 Mei

Nilimngojea Mwalimu Tadei nje ya banda, mvua ikininyeshea. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote kabla hajatundika koti. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilidhani ana uchungu. Alikuwa anafikiri.

"Anagonga, anaachiwa?"

"Anaachiwa, Mwalimu, lakini..."

"Basi sheria hajaivunja."

"Mwalimu, yule ni mke wake. Hakuomba kufunzwa."

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wa mkulima aliyechoka, si kitu kingine. "Zulfa, mimi nafundisha mikono. Sifundishi nyumba za watu. Nikianza kuuliza kila mmoja anafanya nini kwake, hapa nitabaki na wewe na viroba." Akavua koti. "Na yule ana mkono. Nimefundisha miaka mingi, wachache wana mkono ule."

Margwe na Efrazia walisikia. Margwe aliinama kufunga mkanda wake, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Efrazia alinishika bega akasema pole, halafu akaenda kwenye mstari.

Miaka yote nilidhani ukimya wa Mwalimu umejaa hekima. Kumbe hamna kitu humo.

Jumatatu, 12 Mei

Zahanati. Mganga wa zamu alimbonyezabonyeza Shamsia, akamgeuza mkono, akasema hakuna mvunjiko, hakuna uvimbe, atumie dawa ya maumivu na apunguze mawazo.

Ijumaa, 16 Mei

Kikao, baada ya swala. Nililazimisha mimi. Baba alinisihi nisubiri mvua zipungue, sijui mvua na dadangu vinahusiana nini.

Musa alikuja na sukari na sabuni. Nilisimama nikaongea. Nikawaeleza kufunga, kulegeza, uzito unavyoingia ndani. Niliona ninavyozidi kueleza ndivyo wanavyozidi kunitazama mimi na kumsahau yeye.

"Zulfa," Baba Mkubwa akasema, "unasema anampiga lakini hapigi kwa nguvu?"

"Anapiga amelegea, Baba Mkubwa. Ndiyo inaumiza zaidi."

Mzee mmoja akacheka kwa pua. Wakawatuma Mama na shangazi wamkague Shamsia chumbani. Walichelewa sana. Shangazi akatoka wa kwanza, akasema kwa sauti ya kuomba radhi, "Hana kitu. Ni mzima." Mama hakutoka.

Musa akalia tena. Safari hii alilia vizuri zaidi, mabega yamelegea. Akasema anampenda mkewe, hajui kwa nini shemeji amebadilika, labda ni kwa sababu amemzidi mazoezini. Baba Mkubwa alimwagiza Shamsia amwombe mumewe radhi kwa kumvunjia heshima mbele za watu. Akamwomba. Nilimsikia nyuma ya pazia. Walirudi kwao pamoja, yeye ameshika mwavuli, Musa ameshika mkono wake wa kulia.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikwenda bandani nimuue. Siandiki kwa kupamba. Nilimchagua, akaja kwa adabu, nikamrukia na hasira yangu yote, mwili mzima umekaza. Hasira haisaidii kitu pale. Alikuwa laini kama tope, nikateleza juu yake, na nilipojitambua shavu langu lilikuwa kwenye turubai na mkono wangu uko nyuma, umefungwa kwa namna niliyomfundisha.

Nilikataa kugonga. Akaongeza kidogo. Nikagonga.

Akaachia hapo hapo, akaniinua, akanipangusa bega. "Si ndiyo sheria, mwalimu wangu?"

Mwalimu Tadei akasema, "Hapo."

Jumanne, 20 Mei

Sikwenda. Jua limetoka kidogo. Najua saa hizi anatoka mazoezini anarudi nyumbani.

Jumamosi, 24 Mei

Sikwenda.

Jumatatu, 26 Mei

Shamsia alikuja mchana. Musa alikuwa amekula nyumbani akaenda sokoni kupakia mzigo. Mama na Baba walikuwa dukani mbele. Akanivuta stoo, kwenye makopo ya rangi, akafunga mlango.

"Nipige," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Wazee wanataka alama. Yeye haniachii alama. Nipige wewe, hapa." Akagusa chini ya jicho. "Mbavu hawawezi kuzitazama. Uso wanaweza."

Nikakataa. Nikamwambia tutoroke, twende Kondoa kwa bibi. Akasema atamfuata, na ana haki ya kumfuata mpaka talaka iandikwe. Nikasema tutafute njia nyingine. Akaniuliza njia gani. Hakuwa analia. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi vile kwa mara moja.

Nikajipanga. Nikapiga.

Mkono ulikwenda wenyewe, umelegea, kama ulivyofunzwa. Haukutoa sauti. Shamsia alikaa chini taratibu kati ya makopo, macho yamegeuka, akatapika kwenye mapaja yake. Nilimshika kichwa nikilia namwambia basi, basi. Alipopata pumzi akatoa kioo kidogo mfukoni, alikuwa amekuja nacho, akajitazama. Akajifuta mdomo.

"Haijaacha kitu," akasema. "Rudia. Kaza."

Sikuweza kukaza. Nilijaribu, bega likashuka lenyewe. Mwaka wangu wote wa kwanza nilifunzwa kulegeza mpaka mkazo ukanitoka, na leo ndio nauhitaji. Shamsia akaliona hilo. Akasimama, akaegemea mlango, akaanza kusema.

Akasema mimi ndiye niliyempeleka. Akasema ningekaa kimya na chupa yangu ya chai, angevunjwa pua mwezi ule ule, na leo angekuwa huru. Akasema kila Jumamosi nilikuwa narudi nyumbani nimeshiba, na yeye ndiye niliyekuwa namla. Akasema, "Ulifurahi. Yeye mwenyewe ameniambia. Anasema mwalimu wake alikuwa akimkunja anatabasamu."

Nikampiga. Ngumi imekazwa, taya limekazwa, kila kitu kimekazwa. Mara ya kwanza shavu, ya pili jicho. Ya tatu haikuhitajika.

Jumanne, 27 Mei

Kikao. Safari hii kilikuwa kifupi.

Shamsia alisimama katikati ya zulia akainua uso mwenyewe, bila kuambiwa. Jicho limefunga, shavu limepasuka, rangi zote zimetoka. Wazee wakasema astaghfirullah. Yule aliyecheka kwa pua aligeukia ukutani.

"Musa," Baba Mkubwa akasema, "tulikuambia nini?"

Musa alikuwa amesimama mdomo wazi. Akasogea, akamtazama Shamsia usoni kwa makini, jinsi Mwalimu anavyotazama kosa la mwanafunzi. "Mimi sikumpiga hapa," akasema. "Wallahi, nipeni Msahafu. Wazee wangu, tazameni vizuri. Hii ngumi imekazwa. Mimi sipigi hivi. Sijapiga hivi tangu..." Akasikia alichosema, nao wakasikia.

Kisha akageuza kichwa akanitafuta. Nilikuwa nimesimama na trei, mkono wa kulia chini ya trei, vidole vimechubuka. Akatazama trei, akanitazama mimi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kweli sebuleni kwetu, na hakuna aliyemwamini.

Akaandika talaka. Mwandiko wake ni mzuri.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua zimekatika. Margwe amepita dukani kununua misumari. Anasema Musa bado anakwenda bandani Jumanne na Jumamosi, na Mwalimu amempa awafundishe wageni. Baba Mkubwa naye anasema kuna watu wa Dongobesh wenye binti wa kuoza wameshaulizia kuhusu huyo kijana, kama kweli ni mkali, na yeye amewajibu kwamba sasa ametulia.

Jumapili, 1 Juni

Shamsia anakula. Leo Mama amemwosha nywele kwenye beseni nje, juani, akamsuka mistari. Majirani wanakuja kumpa pole, wanatazama jicho, wanamlaani Musa, wanakunywa chai. Mimi naimimina. Wananiambia una bahati dada yako yuko hai, na mimi nasema ndiyo.

Tangu arudi analala chumbani kwangu, kitanda chetu cha zamani. Analala ametazama ukuta. Jioni hii alikuwa anakunja nguo zake nikamkalia karibu, nikamuuliza nililotaka kumuuliza wiki nzima. Kama yale aliyoyasema stoo yalikuwa ya kunikasirisha tu, ili niweze.

Akamaliza kukunja gauni alilokuwa nalo.

"Uongo usingekukasirisha vile," akasema.

Akachukua mto wake na shuka moja, akaenda kulala kwa Mama.